Kirikuu Niliyoikopa Nikiwa Nimefilisika

Siku ile sijaisahau mpaka leo, mwanangu, na ukinikuta nimenyamaza peke yangu jikoni ujue huenda nimeirudia tena. Nilikuwa nimekaa mbele ya meza ya afisa mikopo pale Mpanda mjini, nimevaa kitenge changu cha kanisani, na mbele yangu kuna fomu ya kukopa gari. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na karatasi nyingine, ya mahakama, iliyosema kwamba nimeomba kutangazwa kuwa nimefilisika. Yule afisa akaniuliza, "Mama, umeelewa kila kitu?" Nikajibu, "Ndiyo, nimeelewa." Jamani! Sikuwa nimeelewa hata kidogo.

Nakusimulia haya kwa sababu nyie vijana mnanijia siku hizi mmoja mmoja na simu zenu mkononi. Juzi alikuja mwenzako mmoja, duka limemfia, wanaomdai wamejaa mlangoni, na bado anataka bajaji ya mkopo. "Shangazi," anasema, "eti mtu aliyefilisika anakopesheka?" Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Halafu nikaona aibu, maana hilo ndilo swali nililotakiwa kuuliza mimi enzi zangu, na sikuliuliza. Kaa hapo basi. Hiyo simu iweke chini kidogo, haitakimbia.

Mimi nimezaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Mama yangu aliingia kutoka Burundi akiwa na mimba yangu, na Kiswahili nilikikuta shuleni. Sisi watoto wa Katumba tulikuwa na ugonjwa mmoja ambao nyie mmeuepuka. Tukifika mjini tulikuwa hatuulizi kitu mara mbili. Ukiuliza mara mbili mtu atasema, "Huyu mkimbizi, Kiswahili hajui." Na kweli ulimi wangu ulikuwa unaniangusha, nikitaka kusema "nitalipa" inatoka "nitaripa," watu wanacheka. Kwa hiyo nilijifunza dawa yangu mwenyewe. Mtu akiniambia jambo, nielewe nisielewe, najibu haraka, "Ndiyo, naelewa," natikisa kichwa, naondoka. Hata nilipokwisha kupata karatasi zangu za uraia, dawa ile sikuiacha. Niliona nikisema sijaelewa, wataniambia nizirudishe.

Nikaolewa Ilembo, hapo hapo Mpanda, kwa mwanaume mmoja wa kabila la Wabende, mpole, Mungu amrehemu. Alipofariki aliniachia nyumba ya vyumba vitatu na mashine ya kusaga. Mama yangu nikamleta akae nami, maana miguu ilikuwa imeanza kumgomea. Nami nikaingia kwenye biashara ya mahindi. Nilikuwa naenda Katumba kwa watu wa kwetu, wananipa mahindi kwa kuaminiana tu, bila karatasi, nauza mjini, nawarudishia hela zao. Misimu minne ilikwenda vizuri. Nilianza kutembea kwa madaha kidogo, usicheke.

Msimu wa tano nikataka makubwa. Nilichukua mahindi ya wakulima tisa, nikayajaza kwenye ghala la kupanga, nikasema nayasubirisha mpaka bei ipande. Bati la ghala lilikuwa na tundu, mimi sikupanda juu kuangalia. Mvua za masika zikaingia. Nilipofungua mlango nilikuta mahindi yameota ndani ya magunia, mengine yameshika ukungu wa kijani, na harufu yake, mwanangu, siwezi kukuelezea. Nilikaa chini pale pale mlangoni nikalia kwa sauti kama mtoto. Hapo mjini nilikuwa nadaiwa pia na mfanyabiashara mmoja, aliyenikopesha hela ya magunia na usafiri. Yeye hakunisubiri, akanipeleka mahakamani.

Sasa hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka. Mahakamani nikashauriwa kuomba kufilisika, ili mambo yangu yote yaangaliwe kwa pamoja badala ya kila mtu kunivuta upande wake. Mheshimiwa aliyesikiliza shauri alinieleza vizuri, wala simlaumu. Aliniambia niorodheshe mali yangu yote na wote wanaonidai. Akaniambia pia kwamba wakati shauri linaendelea, nikitaka kukopa kwa mtu ni lazima kwanza nimwambie mtu huyo hali yangu. Akaniuliza, "Umeelewa?" Nikatikisa kichwa. Kichwani mwangu nilikuwa nimesikia maneno mawili tu, kwamba mali haitachukuliwa kwanza, na kwamba kukopa naweza. Nilitoka pale nimechanganyikiwa, sijui kama nimeokoka au nimehukumiwa. Nilimwambia mama madeni yamesimama. Akaniuliza yamesimama wapi.

Wale tisa wa Katumba nao walikuwa na mahakama yao, na hiyo ilikuwa chungu cha pombe. Kwetu, mtu akishindwa kulipa na hataki kukimbia, anatengeneza pombe ya mtama, ile tunayoiita impeke, anawaita wote wanaomdai. Chungu kinawekwa katikati, kila mtu na mrija wake mrefu, mnakunywa humo humo wote. Mkishakunywa mmekubaliana. Wao watakusubiri, hakuna hata mmoja atakayewazunguka wenzake kukutafutia dalali. Na wewe hutakopa kwa mtu mwingine, wala hutauza kitu chako na kuitumia hela yake, bila wao kujua. Sharti hilo linakaa mpaka umalize.

Tulikunywa nyumbani kwa Mzee Balitazari, siku ya Jumapili baada ya misa. Huyo mzee alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu, walivuka mpaka pamoja. Mimi nilikuwa namwita data, ndiyo baba kwa Kirundi. Mahindi yake ndiyo yalikuwa mengi kuliko ya wote mle ghalani. Pale mbele ya chungu nilisema kwa mdomo wangu kwamba nitauza mashine ya kusaga, na hela yake yote ni yao. Wakakubali nyumba ya Ilembo isiguswe, kwa sababu ya mama na miguu yake. Ningekiuka, nyumba ingeuzwa na wao wasingeitetea. Mzee Balitazari akaniuliza kwa Kirundi kama nimesikia. "Nimesikia, data." Nikavuta mrija.

Wiki tatu baadaye mteja wa mashine akapatikana. Nikalipwa hela taslimu, nikaifunga kwenye khanga kiunoni, nikaanza kutembea kwenda stendi nipande gari la Katumba. Haki ya Mungu nilikuwa nakwenda kuwapelekea. Njiani nikapita nje ya ofisi moja ya mikopo, jina silitaji, na ilishafungwa zamani. Nje wameegesha kirikuu, kile kigari kidogo cha kubeba mizigo, nyeupe, imeoshwa, matairi yanang'aa. Juu ya kioo wamebandika kikaratasi: LIPA KIDOGO, ONDOKA NALO.

Nikasimama. Mwanangu, nikikuambia shetani alinisukuma nitakuwa namsingizia. Nilikuwa nakumbuka jinsi malori yalivyokuwa yananila nauli kila msimu. Nikajiambia, nikiwapa wale tisa hela hii itagawanywa, kila mtu atapata kidogo, na mimi nitabaki sina kazi. Nikiwa na gari langu, nitabeba mahindi yao mwenyewe na ndani ya mwaka nitawamaliza wote. Hesabu ile ilinijia nzuri, imenyooka. Bado mpaka leo nikiifanya kichwani inanyooka, na hilo ndilo linalonitisha.

Afisa alikuwa kijana mwenye shati limepigwa pasi vizuri na maneno matamu. Nikamwambia kwa kujiumauma kwamba nina mambo kidogo mahakamani. Akasema, "Mama yangu, mtu mwenye madeni ndiye anayehitaji gari kuliko wote. Utalipia nini bila chombo cha kazi?" Nikaona huyu mtu ana akili sana. Tukaanza kujaza fomu, yeye anasoma, mimi najibu. Tukafika mahali palipouliza kama nina shauri lolote la kufilisika. Akaangalia mlangoni, akasema, "Hapa tupaache wazi tu. Tukiandika, itakwenda makao makuu na kukaa huko miezi. Umeelewa, mama?"

Nilitaka kumuuliza, kuacha wazi maana yake nini, ni kusema ndiyo au ni kusema hapana? Na kama gari ni langu, mbona kadi ya gari inabaki kwenu? Na nikishindwa marejesho mwezi mmoja? Maswali yalikuwa yamejipanga mdomoni. Lakini kulikuwa na wateja wawili nyuma yangu kwenye benchi, watu wa mjini, na mimi nilishaanza kuusikia ulimi wangu utakavyojikwaa. Nikasema, "Ndiyo, nimeelewa." Nikaifungua khanga, nikahesabu hela ya mashine mezani, hiyo ndiyo ikawa kianzio changu. Nikasaini.

Sasa sikiliza ujinga wenyewe ulipofika. Mwizi wa kawaida angelificha gari, si ndiyo? Mimi kesho yake asubuhi nikakodi dereva, nikapanda mbele, kitenge kile kile, nikaenda nalo Katumba. Nilikwenda kuwaonyesha! Nilikuwa nimepanga kabisa hotuba, kwamba wazee wangu, shida ya usafiri imekwisha. Tulipoingia kijijini watoto wakatukimbilia, mimi nawapungia mkono. Aibu gani hii jamani.

Mzee Balitazari alikuwa anapukuchua maharage uani. Wenzake wawili watatu wakasogea. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee aliinuka pole pole, akanisalimia, akaniuliza hali ya mama, akaniuliza miguu yake inaendeleaje. Kisha akalizunguka gari lile mara moja, mkono mgongoni. Akasimama mbele yangu.

"Hili ni la nani?"

"Langu, data." Nikafikiri kidogo. "La kwao kwanza. Yaani ni langu nikimaliza kulipa."

"Kwa hiyo umekopa."

Nikayatazama matairi.

"Na mashine?"

"Imeuzwa. Hela yake ndiyo nimelipia hili."

Wale wengine wakaanza kunung'unika, mmoja akatema mate chini akaondoka. Mzee akawanyooshea mkono wakae kimya. Akanivuta pembeni, karibu na kibanda cha mbuzi. Mpaka leo nasikia alivyoshusha sauti, kama mtu anayenikinga na jua.

"Binti yangu, nitakuuliza neno moja, na ulijibu kwa uangalifu. Siku ile ya chungu, ulielewa tulichokubaliana? Kama hukuelewa, wewe ni mtoto wetu umepotea njia, nitawaambia hawa hivyo, watanung'unika lakini watakusubiri, na nyumba itabaki. Kama ulielewa, hilo ni jambo lingine. Sitaweza kukutetea, na mama yako atatoka mle ndani."

Umeona alichonifanyia? Alinifungulia mlango. Kilichotakiwa ni neno moja tu, neno lile ambalo maisha yangu yote nilikuwa nalikimbia. Sikuelewa. Basi! Mama angebaki kitandani kwake. Na nilikuwa na haki nusu ya kulisema, maana karatasi za mjini kweli sikuzielewa. Nilichanganyikiwa, mwanangu. Mahakamani sikuelewa nikasema nimeelewa. Kwa afisa sikuelewa nikasema nimeelewa. Sasa hapa, mahali pekee nilipoelewa kila neno, maana liliingia kwa lugha ya mama yangu, ndipo naombwa niseme sikuelewa.

Nikamtazama yule mzee. Macho yake yalikuwa mekundu, ya moshi au ya kitu kingine sijui. Nikaona ananiomba nidanganye, na nikaona nikidanganya atanijua, na atanibeba hivyo hivyo mpaka kufa kwake.

"Karatasi za mjini sikuzielewa, data," nikamwambia. "Lakini chungu nilikielewa."

Mbuzi walikuwa wanagongana pembe ndani ya kibanda. Mwisho akasema, "Basi nyumba itauzwa." Akapangusa uso kwa kiganja. "Na mama yako atakuja kulala kwangu. Mke wangu ataandaa chumba leo."

Niliinama nikamshika magoti. Sikujua namshukuru au namlilia.

Kesho yake tulikwenda wote wawili mjini, yeye na koti lake la zamani. Kwenye ile ofisi alisimama mbele ya meza akasema, "Huyu mwanangu hajaelewa hizi karatasi. Anza mwanzo, taratibu, na mimi pia ni mzito wa kuelewa." Mara tatu alimkatisha afisa, "Hapo sijaelewa, rudia." Watu wa kwenye benchi walikuwepo, na Kiswahili chake kilikuwa kibovu kuliko changu mara kumi! Hakuna aliyemcheka. Walisogea wasikie vizuri, na mama mmoja akatoa fomu yake mwenyewe mkobani akaanza kuisoma upya. Gari likarudi kwao siku hiyo hiyo, na kianzio wakakikata sehemu kubwa. Kutoka pale tulikwenda mahakamani nikasema nilichofanya. Nilikaripiwa vikali, nilistahili, ila nilisamehewa kufungwa kwa vile nilijileta mwenyewe.

Nyumba iliuzwa, na sehemu kubwa ya hela yake ilikwenda kwa yule mfanyabiashara wa mjini. Mama tulimbeba na godoro lake mpaka Katumba. Njiani akaniuliza kwa nini tunahama, nikamweleza yote, sikumficha kitu. Tulipokaribia kufika akaniambia, "Mimi nilishahama kwa sababu ya watu wenye bunduki. Leo nahama kwa sababu binti yangu amesema kweli. Afadhali hii." Akafariki baada ya miaka miwili, humo humo nyumbani kwa Mzee Balitazari, katika chumba chenye dirisha la mashariki. Deni la wale tisa nililimaliza kwa kulima vibarua vya tumbaku na kuuza vitumbua. Ilichukua miaka mingi, na mgongo huu unaouona ndipo ulipoinamia.

Kuna jambo bado linanichanganya, nami sitakudanganya kwamba nimeshalimaliza. Najiuliza, ile siku nje ya ofisi ya mikopo, kweli nilikuwa sielewi? Au nilikuwa sitaki kuelewa, kwa sababu kutokuelewa kulikuwa na gari ndani yake? Nimezeeka na swali hilo. Mengine nakuachia wewe ujipime.

Sasa nikuambie wazi, usije ukasema shangazi alisimulia hadithi akaishia hewani. Aliyefilisika anaweza kukopeshwa, ndiyo, wapo watakaomkopesha, na leo wako hata ndani ya simu yako. Kabla hujagusa hela yao, waambie hali yako yote kwa mdomo na kwa maandishi. Mkopeshaji akikuambia uache wazi mahali pa ukweli, inuka, chukua mkoba wako, nenda nyumbani. Wale uliokubaliana nao wakusubiri, waambie kwanza kabla ya kukopa popote, hata kama hesabu yako imenyooka namna gani. Hela uliyokwisha kuitaja kuwa ya watu, ipeleke kwa watu. Na mahali usipoelewa, sema sijaelewa, useme kwa sauti, mbele ya yeyote, kwa ulimi wowote ulio nao. Lakini ukielewa, mwanangu, usiwahi kusema hukuelewa, hata kama kuna nyumba itaokoka.

Haya, inuka, jua linakwenda. Mungu akupe kazi ya kukutosha na riziki isiyokutoa jasho la aibu. Akupe mtu wa kukuuliza swali gumu pembeni, asikuumbue mbele za watu. Na siku hiyo ikifika, akutie nguvu ya kumjibu.